Hakuna Aliyetuuliza Tunakwenda Wapi

Hii ni hotuba niliyoitoa katika mkutano wetu wa mwaka wa madereva na wasafiri. Naiweka hapa yote, kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu waliokuwa njiani siku ile na hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, madereva wenzangu, kina mama na kina baba mliotoka karibu na mliotoka mbali, nawasalimu nyote kwa heshima.

Naomba nianze kwa swali, na kila mmoja wetu alijibu moyoni mwake. Leo asubuhi, ulipofunga mlango wa nyumba yako na kushika njia ya kuja hapa, ni nani aliyekuuliza unakwenda wapi? Simsemi jirani. Jirani akikuuliza unakwenda wapi, hiyo ni salamu, wala hangoji jibu refu. Ukimwambia unafika hapo mbele, anaridhika na kukutakia safari njema. Namsema mtu mwenye bunduki na muhuri, anayesimama katikati ya njia, ambaye jibu lako lisipompendeza utageuzwa urudi ulikotoka, au utalala mahabusu. Ni nani aliyekuuliza? Nawaona mnatikisa vichwa. Hakuna aliyetuuliza. Tumepita njia panda, tumepita madaraja, tumepita mipaka ya wilaya na mikoa, na hakuna aliyetuuliza.

Swali ni lile lile. Likitoka kinywani mwa jirani ni upendo, na likitoka kinywani mwa mlinda kizuizi ni kufuli. Nimesimama mbele yenu leo kushukuru kwa ajili ya swali ambalo hatukuulizwa, na kuwaeleza ni kina nani waliolipa ili lisiulizwe.

Nilipokuwa kijana, mwanzoni kabisa mwa kazi hii ya udereva, nilikuwa nikimpeleka mzee mmoja kliniki mara moja kila mwezi. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na shati lake lilipigwa pasi hata siku za joto kali. Nikamwita babu, naye akaniita mjukuu. Jambo moja lilinishangaza. Kila gari lilipopunguza mwendo, iwe ni kwenye tuta, njia panda, au mahali ambapo wafanyakazi wa barabara wameinua bendera nyekundu, mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe hadi kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, ukapapasa, ukatulia, kisha ukashuka. Mfuko ule haukuwa na kitu. Nilidhani ana maumivu, na siku moja nikamuuliza: "Babu, kifua kinakusumbua?" Akautazama mkono wake kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni kwake bila taarifa, akasema: "Hapana, mjukuu wangu. Natafuta karatasi."

Karatasi hiyo ilifutwa miaka mingi kabla sijapata leseni. Mzee yule alikulia chini ya utawala uliomtaka kila mtu wa rangi yake atembee na kibali, akionyeshe kila anapoambiwa, na aeleze anakwenda wapi, kwa nani, na atarudi lini. Sheria ilikuwa imekufa zamani, lakini mkono wake haukupelekewa habari za msiba.

Ndugu zangu, lugha yetu yenyewe inabeba kovu hilo. Tunapotamka neno kipande, wengi wetu tunafikiria kipande cha mkate au kipande cha kitambaa. Wazee wetu walipolisikia neno hilo walishika shingo. Katika Kenya ya kikoloni, sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 kubeba cheti chenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri asipotia saini kwamba amemwachia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine, na akikutwa njiani alihesabiwa mtoro. Fikirini maana yake. Mtu mzima, baba wa watoto, anatembea katika nchi aliyozaliwa huku kikopo kikimgonga kifuani kwa kila hatua, na ruhusa ya hatua ile iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Afrika Kusini walikuwa na yao, na wenyewe waliiita dompas, yaani pasi ya kijinga. Wanaume ndio waliobanwa kwanza, kisha serikali ikawageukia wanawake. Hapo ndipo ikakosea hesabu. Tarehe 9 Agosti 1956, wanawake wapatao 20,000 walifika Pretoria na kupanda hadi kwenye Majengo ya Muungano, mahali ilipokaa serikali. Walitoka kila pembe ya nchi, kwa basi, kwa treni na kwa miguu, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Mbele yao walikuwa Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophia Williams, wanawake wa rangi mbalimbali katika nchi iliyokataza rangi hizo kukaa benchi moja. Walibeba malalamiko yaliyotiwa saini, mafungu kwa mafungu, wakamwekea Waziri Mkuu J. G. Strijdom, ambaye hakutokea kuwapokea. Kisha wakasimama kimya kwa dakika 30.

Nawaomba mlitafakari jambo hili. Wanawake 20,000 wamesimama pamoja, na hakuna neno linalosikika kwa nusu saa nzima. Mimi nimekwama kwenye foleni dakika kumi nikapiga honi mara ishirini! Wao walisimama nusu saa juani, bila kelele, kwa ajili ya haki ya kwenda sokoni, kwenda kazini na kwenda kumwona mgonjwa bila kumwonyesha polisi kitabu. Na sheria ile haikufutwa siku iliyofuata. Miaka minne baadaye, tarehe 21 Machi 1960, watu wa Sharpeville walikwenda kituo cha polisi bila pasi zao, wakajitoa wakamatwe. Polisi wakafyatua risasi, na kwa hesabu iliyotangazwa walikufa watu 69, wengi wao wakiwa wamepigwa risasi mgongoni. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986. Hesabuni wenyewe: tangu dakika zile 30 za ukimya mpaka kufutwa kwa pasi ilipita miaka 30. Kuna mabinti waliobebwa mgongoni siku ile ambao walikuwa mama wa watoto wao kabla ya kutembea huru.

Wala tusidhani kwamba kufuli hili limefungwa kwa sababu ya rangi peke yake, au kwamba lilikuwa shida ya bara moja. Katika Umoja wa Kisovyeti, pasipoti za ndani ya nchi zilianzishwa mwaka 1932, na wanavijiji wa mashamba ya ujamaa kwa jumla hawakupewa. Bila pasipoti hukuweza kuhamia mjini kihalali, na hali hiyo haikubadilishwa kikamilifu mpaka uamuzi wa mwaka 1974. Marekani, nchi inayosifika kwa barabara zake ndefu, ilikuwa na miji ambayo msafiri mweusi hakuthubutu kuonekana baada ya jua kuzama. Tarishi mmoja wa posta wa Harlem, mtaa wa jiji la New York, Victor Hugo Green, alilazimika mwaka 1936 kuanza kuchapisha kitabu cha mwongozo, kikitaja nyumba za wageni, mikahawa na vituo vya mafuta ambavyo msafiri mweusi angepokelewa bila kutukanwa. Barabara ilikuwepo. Gari lilikuwepo. Hata pesa ya mafuta ilikuwepo. Kilichokosekana ni uhakika kwamba mtoto akitaka kwenda haja njiani, mlango utafunguliwa.

Kwa hiyo ninaposema njia iliyo wazi, sisemi njia isiyo na magari mengi. Nasema njia ambayo mtu yeyote anaweza kuipita akiwa na hadhi yake kamili.

Mkitaka kujua njia hufunguka vipi, acheni niwapeleke Berlin. Ukuta ulianza kujengwa kule usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, na kwa miaka 28 uliwatenganisha ndugu waliokuwa wakitembeleana kwa tramu. Watu wasiopungua 140 walikufa kwa ajili yake, wengi wao wakijaribu kuuvuka. Jioni ya tarehe 9 Novemba 1989, kiongozi mmoja wa chama kilichotawala Ujerumani Mashariki, Günter Schabowski, alisoma mbele ya waandishi wa habari karatasi iliyosema kwamba raia sasa wataruhusiwa kusafiri nje. Mwandishi akauliza: kuanzia lini? Schabowski akapekua karatasi zake, akajibu kwamba kwa anavyofahamu yeye, ni mara moja. Haikuwa imekusudiwa iwe usiku ule. Lakini watu walikuwa wameshasikia, wakavaa makoti yao, wakaenda kwenye mageti.

Kwenye kituo cha Bornholmer Straße zamu ilikuwa ya ofisa aitwaye Harald Jäger. Watu walikuja kumi, wakawa mia, wakawa maelfu. Jäger alipiga simu kwa wakubwa wake mara nyingi, na kila mara hakupata amri ya kueleweka. Baadaye aliambiwa awaruhusu wale wanaopiga kelele zaidi, lakini pasipoti zao zigongwe muhuri juu ya picha, ili wasiruhusiwe kurudi tena. Mnaona hila hiyo? Unafunguliwa mlango wa kutoka, na wakati huohuo unafungiwa mlango wa kurudi, nawe hujui. Hata hivyo watu walizidi kuongezeka. Ilipokaribia saa tano na nusu usiku, Jäger, ambaye alilinda geti lile kwa zaidi ya miaka 20, hakungoja tena amri. Akaagiza geti lifunguliwe. Watu wakapita darajani, wengine wakilia, wengine wamevaa nguo za kulalia ndani ya makoti, kwenda kuona mtaa uliokuwa mwendo wa dakika chache kutoka walikozaliwa.

Wazee wangu, mimi hupenda kuwaza juu ya simu ile iliyopigwa na kupigwa bila jibu. Mtu aliyezoea kuuliza wengine wanakwenda wapi, usiku ule alikuwa yeye anayeuliza, na hakuna aliyejua jibu. Lakini sitaki tumpe yeye heshima yote. Geti lilifunguliwa na miguu ya watu waliofika mbele yake na wakakataa kurudi nyumbani.

Kwa upande wa kina mama waliomo humu ukumbini, na nimefurahi kuona ni wengi, nina hadithi mbili ambazo hupenda kuziweka pamoja. Mwezi Agosti mwaka 1888, nchini Ujerumani, Bertha Benz aliamka alfajiri, akalichukua gari ambalo mumewe Carl alikuwa amelibuni na ambalo watu walikuwa bado wanalitilia shaka, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akaondoka Mannheim kwenda kwa mama yake huko Pforzheim, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Mumewe hakuambiwa. Njiani bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ukachunika, akaufunika kwa ukanda wa soksi yake. Mafuta yakaisha, akayanunua katika duka la dawa huko Wiesloch, kwa kuwa wakati ule kimiminika hicho kiliuzwa kama dawa ya kusafishia madoa. Breki zikalika, akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Akafika. Safari ya kwanza ndefu ya gari duniani ilifanywa na mama aliyekuwa akienda kumsalimu mama yake.

Sasa sikilizeni ya pili. Tarehe 6 Novemba 1990, miaka 102 baada ya Bertha, wanawake 47 walipanda magari mjini Riyadh, nchini Saudi Arabia, wakaendesha katika mitaa ya jiji lao. Walishikiliwa, wakanyang'anywa pasipoti, na waliokuwa watumishi wa serikali wakasimamishwa kazi. Hawakuvunja taa nyekundu. Hawakumgonga mtu. Walishika usukani tu. Marufuku ile iliondolewa tarehe 24 Juni 2018, na usiku wa manane wa siku hiyo wanawake walionekana wakiendesha, wengine baba zao wakiwa wamekaa pembeni yao. Kutoka kwa Bertha mpaka usiku ule ni miaka 130. Dada yangu uliyekuja leo ukiwa unaendesha mwenyewe, funguo zikiwa ndani ya mkoba huo, naomba usiku wa leo ukizitoa uzitazame kidogo kabla ya kuzitundika ukutani.

Nimesema juu ya waliofungua njia kwa miili yao. Lakini kuna wengine, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo zaidi, kwa sababu watu hawa hawajengewi sanamu.

Lugha yetu ina hekima. Neno barabara lina maana mbili: ni njia pana, na pia ni kitu kilichofanywa sawasawa. Tunasema kazi imefanywa barabara. Aliyetuachia maneno haya mawili yakiwa neno moja alijua kwamba njia kubwa haitokei yenyewe. Lazima ifanywe barabara. Na adui wa barabara si lori zito peke yake, kama wengi wanavyodhani. Adui wa kwanza ni maji. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mskoti John Loudon McAdam aliwaonyesha Waingereza kwamba si lazima kulaza mawe makubwa chini ya njia. Ardhi yenyewe inaweza kubeba mzigo wowote mradi ibaki kavu. Ndiyo maana njia huinuliwa kuliko ardhi ya pembeni, ikawekwa tabaka la kokoto ndogo zilizoshindiliwa, ikapewa mgongo katikati ili mvua iteremke kando, ikachimbiwa mitaro. Maji yakiingia chini ya lami kupitia ufa mwembamba, udongo unalegea, tairi zinaukandamiza, lami inabonyea na kupasuka, na shimo linazaliwa. Shimo unalolilaani mwezi huu lilikuwa ufa ambao hakuna aliyeuziba mwaka jana.

Usiku mmoja wa masika nilikwama katika foleni ndefu. Mbele yetu maji yalikuwa yakikatiza barabara, na kingo za lami zilianza kumeguka kama mkate uliolowana. Kila dereva alijua kwamba baada ya saa moja au mbili njia ingekatika, na mabasi yenye watoto na wagonjwa yangelala pale. Nikamwona mtu mmoja wa kikosi cha matengenezo, amevaa koti la njano, akishuka mtaroni. Maji yalimfika kiunoni. Mkononi alikuwa na mti mrefu wenye ndoana, akawa anachokoa mdomo wa kalavati iliyokuwa imeziba. Akatoa tawi. Akatoa gunia. Akatoa tairi bovu, akatoa mifuko ya nailoni, mmoja baada ya mwingine, mingine tukiwa tumeitupa sisi wenyewe madirishani. Mwenzake alimmulikia tochi kutoka juu huku amemshika kwa kamba. Kazi ile ilichukua karibu saa nzima. Mara tukasikia sauti kutoka chini, kama mtu aliyekuwa na kiu anayemeza funda kubwa, na maji yakaanza kushuka. Yakashuka tena. Mstari mweupe wa katikati ya barabara ukaonekana.

Yule mtu alipopanda juu alipita mbele ya taa za gari langu. Niliona mikono yake. Vidole vilikuwa vimekunjamana na kupauka kama vya mtu aliyefua tangu alfajiri, na kimoja kilikuwa kinatoka damu. Alikiweka mdomoni, akafyonza, akatema, akaenda kukaa kwenye jiwe. Sisi tukawasha magari. Mmoja akapiga honi kumhimiza wa mbele yake. Tukaondoka, magari zaidi ya mia, na mimi nikiwemo. Sikushusha kioo. Sikumwambia asante. Miaka mingi imepita, na nimelipita kalavati lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila ninapolipita naishusha mikono yangu kutoka juu ya usukani kwa sababu naona haya.

Na mstari ule mweupe nao una hadithi yake. Mwaka 1917 huko California, daktari mmoja, June McCarroll, alisukumwa nje ya njia na lori alipokuwa akirudi kutoka kazini. Akaona kwamba pangekuwa na mstari katikati, kila mtu angejua upande wake. Aliwapelekea wenye mamlaka wazo lake, hawakumsikiliza, basi akachukua rangi na brashi, akapiga magoti barabarani, akachora mwenyewe. Akaendelea kudai mpaka mwaka 1924 jimbo lake likakubali. Mstari huo hauna ukuta, hauna waya, hauna askari. Ni rangi tu. Lakini usiku, tunapopishana wewe na mimi kila mmoja akienda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, uhai wetu unategemea kwamba sote wawili tunauheshimu.

Hilo linanifikisha kwenye jambo zito, nami sitalirefusha kwa sababu nyote mnalijua na wengi mmelizika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na kwamba ajali ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Nawauliza: mtoto anayesimama ukingoni mwa lami asubuhi na mkoba wa shule, akisubiri magari yapungue ili avuke, naye je, ana uhuru wa njia? Kama anaogopa kuvuka kwa sababu yangu mimi, basi kizuizi chake ni mimi. Sikuvaa sare, sina muhuri, lakini nimemzuia. Mwaka 1959 mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo alibuni mkanda wa usalama unaopita begani na kiunoni, na kampuni yake ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure. Walikuwa na kitu cha kuuza wakakiacha kiokoe watu. Sisi tunaombwa kitu kidogo zaidi: kuondoa mguu kwenye mafuta tunapomwona mtoto.

Na wapo ambao leo hii, tukiwa tumekaa hapa kwa amani, wanaulizwa swali lile. Zaidi ya watu milioni 100 duniani wameyakimbia makazi yao. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa tarehe 10 Desemba 1948, linasema katika kifungu cha 13 kwamba kila mtu ana haki ya kwenda na kukaa atakapo ndani ya mipaka ya nchi, na haki ya kutoka katika nchi yoyote, ikiwemo yake mwenyewe, na kurudi katika nchi yake. Mzee anayengoja kambini kwa mwaka wa kumi ameandikiwa haki hiyo kama nilivyoandikiwa mimi. Waliotutangulia walijua kwamba wakati mwingine kinachomfungulia mtu njia ni karatasi, siyo kuondolewa kwa karatasi. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyekuwa mvumbuzi wa nchi za barafu, aliwaandalia wakimbizi wasio na uraia hati ya kusafiria, na baada ya muda serikali zaidi ya 50 zikaitambua. Alijua maana ya kuwa mbali na nyumbani bila njia ya kurudi. Waswahili wamesema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Ukikutana na mtu wa namna hiyo njiani, ukiwa na nafasi kwenye gari lako na njia yenu ni moja, unajua la kufanya bila mimi kukuelekeza.

Namalizia kwa mzee wangu.

Siku ya mwisho niliyomwendesha, tulikuwa tumetoka kliniki mapema. Nilipofika njia panda ya kumrudisha kwake, akanigusa bega, akasema: "Mjukuu, leo usikate kushoto." Nikamuuliza: "Babu, tunakwenda wapi?" Akanyamaza. Nikamtazama kwenye kioo, nikamwona anatabasamu kama kijana. Akasema: "Sijui. Nimeulizwa hivyo maisha yangu yote, na sijawahi kuruhusiwa kujibu kwamba sijui. Wewe nenda tu."

Nikaenda. Tulishusha vioo. Tulipita mashamba, tukapita mto, tukapita miji midogo ambayo hakunitajia jina lake hata mmoja, naye akawa anatazama nje, mara kulia, mara kushoto. Baada ya saa moja hivi tulikuta matengenezo ya barabara. Mfanyakazi mmoja aliinua bendera nyekundu, nikapunguza mwendo, nikasimama. Kwa mazoea nikatazama kioo, nikingoja mkono upande kwenye mfuko wa shati.

Mzee alikuwa amelala. Upepo ulikuwa ukichezea ukosi wa shati lake. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, kiganja kimeelekea juu, vidole vimelegea. Bendera ya kijani ikainuliwa. Nilishusha kioo changu mpaka mwisho, nikamwambia yule mfanyakazi asante, kwa sauti ya chini ili nisimwamshe babu, nikaliondoa gari polepole.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.